Vipele vya ndevu: majibu kwa wasomaji

Kila nikinyoa ndevu, baada ya siku moja au mbili shingo inajaa vipele vinavyowasha, vingine vina usaha. Nimenunua wembe wa bei, wenye makali matano, lakini hali imezidi. Nakosea wapi? (Msomaji, Mbagala, Dar es Salaam)

Ndugu, huo wembe wa bei ndio unaokuponza. Katika wembe wa makali mengi, kali la kwanza huuvuta unywele na linalofuata huukata ukiwa umevutika. Ukiachiwa, unarudi ndani na ncha yake inabaki chini ya ngozi. Mwenye nywele zilizonyooka hadhuriki sana, kwa sababu unywele wake utapita tundu lilelile. Nywele za kipilipili huota zikipinda. Ncha iliyochongoka hutoboa ukuta wa tundu na kuingia nyamani, mwili nao unavimba kama umechomwa mwiba. Nyingine hutoka nje vizuri, kisha hujikunja na kuichoma ngozi ya jirani.

Kwa hiyo kidevu kinachoteleza leo ndicho chenye vipele keshokutwa. Lengo lako liwe uso nadhifu wenye mabaki mafupi ya ndevu. Kule kuteleza waachie wenye nywele za singa.

Kwanza, weka wembe chini kwa wiki 4 hivi. Ndevu zikirefuka, nyingi zilizonasa hujichomoa zenyewe. Zikikukera, zipunguze kwa mashine, ubakishe angalau milimita 1. Ukiona unywele umejikunja juu ya ngozi, uinue kwa ncha ya kibanio kilichofutwa kwa spiriti, lakini usiung'oe, maana utakaoota badala yake unaweza kupasukia ndani. Na usichimbe kwa pini.

Ngozi ikishapona, ninyoeje? Nafanya kazi hotelini na ndevu haziruhusiwi. (Msomaji, Nakuru)

Ukiruhusiwa, baki na mashine. Kama ni lazima wembe, tumia wa kali moja kwenye kishikio chake.

Kabla ya hapo, acha ndevu siku mbili, upapase uone zinakolalia. Mashavuni kwa kawaida hushuka. Shingoni hazitabiriki: upande mmoja hupanda, mwingine hulala kuelekea sikio. Wengi hukosea hapo, kwa kuikwangua shingo yote kutoka chini kwenda juu.

Nyoa baada ya kuoga, au jikande kwa kitambaa cha maji ya moto kwa dakika 3, kwa sababu unywele uliolowa hukatika kwa nguvu ndogo. Paka povu la kunyolea na uliache dakika 2. Sabuni ya kufulia isiguse uso. Inamisha wembe nyuzi 30 hivi, fuata ndevu zinakolalia, kwa mikato mifupi, na usuuze kila mkato. Usikandamize, wala usiivute ngozi kwa mkono wa pili: ukiiachia, ncha zitazama. Pita mara moja. Panapobaki, paka povu tena upite mara ya pili, bado kwa kufuata uelekeo. Kupita kinyume hata siku moja kunaweza kurudisha vipele vyote.

Malizia kwa maji baridi na mafuta mepesi yasiyo na manukato. Ukijikata, lowesha kipande cha shabu, gusa jeraha, kisha suuza. Wembe ukianza kukwaruza, utupe. Ndevu ngumu huumaliza baada ya kunyoa mara 3 hadi 5.

Je, unga wa kunyolea ni salama? (Msomaji, Tanga)

Unafaa kwa wenye vipele, kwa kuwa huyeyusha unywele na kuuacha na ncha butu. Ila ni dawa kali, na harufu yake ya yai viza utaizoea tu. Ujaribu kwanza sehemu ndogo chini ya taya na usubiri siku moja. Tazama saa, ufuate dakika zilizoandikwa kwenye pakiti. Ukizidisha, unaunguza ngozi. Kwangua kwa kijiti au plastiki, osha vizuri, na usirudie kabla ya wiki moja. Usipake penye kidonda, wala siku uliyotumia wembe.

Kinyozi wangu hunipaka spiriti akimaliza, lakini nina vinundu vigumu kisogoni. (Msomaji, Arusha)

Spiriti ya mwishoni inakuchoma na kukukausha ngozi, huku mashine ikiwa imeshapita. Mwambie aielekeze kwenye meno ya mashine kabla hajakugusa: apige brashi kutoa nywele, afute kwa spiriti ya asilimia 70, aache ikauke yenyewe. Wembe ufunguliwe mbele yako, maana virusi vya homa ya ini B huishi nje ya mwili siku 7 au zaidi.

Vinundu vya kisogoni ni jambo jingine. Huweza kugeuka makovu yanayokua, hivyo acha kuchonga mstari wa nyuma kwa wembe na uende kwa daktari wa ngozi vikiwa bado vidogo. Kwa wewe wa Arusha, hospitali ya KCMC, Moshi, wapo. Krimu za kuchanganyiwa dukani ziepuke: nyingi zina klobetasoli au betamethasoni, dawa za steroidi ambazo hupoza vipele kwa wiki chache huku zikiikondesha ngozi.