Bunduki ya kwanza ya kuwindia na darubini yake: usianzie nilikoanzia mimi

Assalaam aleikum wana jukwaa. Kijana wetu mmoja wa Malindi, aliyehamia Marekani mwaka jana na green card yake, ameuliza hivi: ana dola 900, anataka bunduki ya kwanza ya kuwindia kulungu, ile ya komeo la kuvuta kwa mkono, pamoja na darubini ya juu yake. Wenzake kazini wamemtajia majina mpaka kichwa kinamuuma. Humu wengine mmemcheka, eti mtu wa Malindi na bunduki wapi na wapi. Mimi sina cha kucheka. Nilikaa Pennsylvania miaka 11 nikifanya kazi ya ghala, na misimu tisa kati ya hiyo niliingia msituni. Sasa nimerudi nyumbani, ninalowinda ni kivuli cha kukaa saa saba mchana, ila haya bado nayakumbuka.

Juu ya jicho langu la kulia nina kovu dogo, limepinda kama mwezi mwandamo. Watoto wa mtaani huniuliza kama nilipigwa kisu. Nilipigwa na darubini yangu mwenyewe. Nilipokwenda kununua bunduki ya kwanza, muuzaji alinitazama nilivyo mrefu akaniambia mwanamume kama mimi anafaa .300 magnamu, yaani bunduki ya risasi kubwa yenye nguvu nyingi. Nami nikavimba kichwa. Juu yake nikafunga darubini kubwa ya bei rahisi, yenye kukuza mara 6 hadi 24, lenzi ya mbele milimita 50, ndefu kama bomba la maji. Siku ya kwanza uwanjani nikaisogeza karibu na jicho ili nione vizuri. Risasi ikatoka, bunduki ikarudi nyuma, ukingo wa darubini ukanipasua nyusi. Damu ikanijaa jichoni, na mzee wa meza ya jirani akaniletea kitambaa bila kusema neno. Inaelekea mimi sikuwa mtu wa kwanza aliyemwona akipasuliwa nyusi.

Kovu lilipona, lakini kuna kitu kingine kilibaki. Nilianza kuikosa shabaha, tena vibaya. Nililaumu risasi, nikalaumu upepo. Mwenzangu mmoja wa kazini, aliyewinda tangu utotoni, akanipeleka uwanjani Jumamosi moja. Akanigeuzia mgongo, akapakia, akanikabidhi bunduki. Nikalenga, nikapumua, nikavuta kifyatulio. Tak. Haikulia. Alikuwa ameweka risasi bandia, isiyo na baruti. Mtutu ulikuwa umeinama chini kama kuku anayedonoa mchele, na mimi macho nimeyafumba kabisa. Mwili wangu ulikuwa unaogopa teke kabla halijaja. Ugonjwa huo ulinichukua msimu mzima kuutibu, na ile magnamu niliiuza kwa hasara.

Kwa hiyo mdogo wangu, kabla ya kuuliza jina la kampuni, uliza bunduki itakupiga teke kiasi gani. Anayejifunza kuvua kwa mshipi haanzi na nduaro wa bahari kuu, huanza na changu pale karibu na mwamba. Kwa kulungu wa mkia mweupe huhitaji nguvu nyingi. Namba na majina yanayofuata ni aina za risasi, na bunduki huuzwa kwa aina moja. .243 Winchester inamtosha, na teke lake ni karibu nusu ya lile la .30-06. 6.5 Creedmoor, iliyotoka mwaka 2007, ni laini begani na risasi zake ziko kila duka. .308 ipo tangu 1952, ina teke la wastani, na sijawahi kuingia duka la vijijini nikaikosa. .30-06 ni bibi yao wote, hiyo 06 ni mwaka 1906 jeshi la Marekani lilipoichukua, na inaua kila kitu kule, lakini kwa mtu anayeanza inasukuma. Mimi baada ya kile kisanga nilichukua .308. Kama ningekuwa mwembamba kidogo ningechukua 6.5.

Bunduki zenyewe, nitakuambia jambo ambalo wauza bunduki ghali hawapendi kulisikia: za bei rahisi za siku hizi zinapiga sawa kuliko sisi tunaozishika. Savage Axis, Ruger American, Mossberg Patriot, zote hizo nimezishika, zote nimeziona zikiuzwa kati ya dola 400 na 600, na zote tatu zinaweza kuweka risasi tatu kwenye duara la inchi moja na nusu kwa yadi 100 ukizilisha risasi zinazozipenda. Unacholipia zaidi ukienda kwa Tikka ya Ufini ni ulaini. Komeo lake linateleza kama limepakwa samli, wakati la Axis linakwaruza kidogo mpaka lizoee. Kitako cha plastiki cha hizi rahisi ni chepesi na ukikigonga kinalia kama debe. Kulungu halioni hilo. Ukipata Axis, tafuta ile ya II yenye kifyatulio cha kurekebisha, ile ya kwanza kifyatulio chake ni kizito kama kuvuta nanga.

Usinunue bila kuishika. Nenda dukani na koti lako la baridi umelivaa, maana huko utawinda Novemba na Desemba, siyo na shati la Malindi. Hakikisha ni tupu, elekeza mahali salama, funga macho, iweke begani kama unavyojisikia, kisha fungua. Kama unaona duara zima la darubini, hakuna kivuli cheusi pembeni, bunduki hiyo imekukubali. Kama inabidi unyooshe shingo au uinue shavu, kitako si chako. Wa shoto tafuta ya shoto, zipo, Savage wanatengeneza.

Sasa darubini, ambako vijana wengi huharibikiwa kama nilivyoharibikiwa mimi. Utaambiwa tumia kwenye darubini pesa sawa na za bunduki. Kwa bajeti yako sikubaliani nao. Chukua ya kukuza mara 3 hadi 9, lenzi ya mbele milimita 40, basi. Vortex Crossfire II inatosha. Ukibakiwa na pesa, Leupold VX-Freedom ni nyepesi na alfajiri inaona vizuri zaidi kidogo. Ile 24 ya kwangu ilikuwa haina faida: kulungu akitokea hatua arobaini kwenye kichaka, nilikuwa naona manyoya tu, sijui ni bega au tumbo. Msituni weka kwenye 3 na uiache hapo. Mkubwa kuliko wote niliowapiga alikuwa kama yadi 110, na darubini ilikuwa kwenye 4. Lenzi ya milimita 50 nayo inakulazimisha kuifunga juu zaidi, shavu linaachana na kitako, na shabaha inaachana nawe.

Jambo la skrubu zinazoshika darubini juu ya bunduki nitalirefusha kwa sababu ndilo linalowaliza watu. Bunduki ikianza kutawanya risasi, mara tisa kati ya kumi si bunduki, ni kitu kimelegea. Futa mafuta kwenye matundu kwanza. Usifunge kwa nguvu za mkono kama unafunga nati ya tuktuk. Nunua au azima bisibisi ya kupimia nguvu na ufuate kipimo kilichoandikwa kwenye karatasi ya vishikio, vile vyuma vinavyobeba darubini. Kabla ya kukaza, lala kwenye mkao wako wa kupiga, darubini ikae inchi tatu na nusu hadi nne kutoka jichoni, na uijaribu ikiwa kwenye 9, maana hapo ndipo inapokuwa na wivu wa nafasi. Nyusi zangu zingeshukuru.

Kuilinganisha usianze yadi 100. Chomoa komeo, weka bunduki juu ya mfuko wa mchanga, chungulia ndani ya mtutu mpaka uone kitovu cha shabaha ya yadi 25, kisha bila kuitikisa zungusha vidude vya darubini mpaka msalaba ukae hapo hapo. Rudisha komeo, piga moja. Darubini nyingi, kila mlio mmoja wa kidude unasogeza robo inchi kwa yadi 100. Kwa yadi 25 unahitaji milio kumi na sita kwa kila inchi, mara nne ya ile ya yadi 100, hapa wengi hukosea hesabu. Kisha nenda 100, piga tatu, tafuta katikati ya zile tatu, sogeza, rudia. Mtutu ukipata moto uache upoe, hizi nyembamba zikichemka zinatangatanga. .308 ukiiacha ipige inchi moja na nusu hadi mbili juu ya kitovu kwa yadi 100, mpaka karibu yadi 200 huna haja ya kukisia.

Sasa pesa. Bunduki 450, darubini 180, vishikio 40. Hiyo ni 670. Zile 230 zilizobaki usizinunulie mkoba wala kisu cha kishujaa. Nunua risasi, paketi tano au sita za ishirini ishirini, aina moja ile ile, pamoja na kinga ya masikio na risasi bandia mbili. Mwambie mwenzako akuchanganyie zile bandia bila wewe kujua. Ukiona mtutu haudonoi tena, uko tayari.

Mambo ya sheria kwa ufupi. Kwa green card unaweza kununua, utajaza fomu 4473 dukani na kuchunguzwa. Wenye viza ya mwanafunzi wasome sana kabla ya kushika chochote, kwao mlango ni mwembamba. Utasoma darasa la usalama la wawindaji, na utavaa rangi ya chungwa kali. Pennsylvania walitaka inchi za mraba 250 kichwani, kifuani na mgongoni. Na usiwe na ndoto ya kurudi nayo nyumbani kupigia nyani wa shamba la bibi kule Ganda. Kenya ilifunga uwindaji mwaka 1977, na silaha bila leseni ni jela. Bibi ataendelea na debe lake.

Kuhusu nyama, kwa sababu najua mama atakuuliza kwenye simu: nilivyofundishwa ni kusema bismillahi unapovuta kifyatulio, na ukimkuta bado ana roho umchinje. Kisu kikae kiunoni, si garini.

Kuna jambo moja hukulisema, nalo linaweza kugeuza nusu ya haya. Uko jimbo gani? Ohio, kwa mfano, kulungu hawaruhusu risasi zenye shingo nyembamba kama .308 au 6.5, wanataka zile zenye ganda lililonyooka kama bomba. Kama uko huko, tafuta bunduki hizo hizo kwa .350 Legend, iliyotoka 2019. Teke lake ni dogo na kwa yadi 150 kulungu hana la kusema. Niandikie jimbo, urefu wako, na kama unatumia mkono wa kulia.