Sukari kupanda baada ya sindano za mapafu ya mtoto

Dadangu, pole kwa hofu. Unasema una mimba ya wiki 31, sukari ilikuwa imetulia kwa mpango wa chakula tu, ukadungwa deksamethasoni kwa dalili za uchungu wa mapema, na leo asubuhi kabla ya kula umepima sukari ikawa 8.9 mmol/L. Unauliza kama ni mahamri ya jana.

Si mahamri, ingawa kwa siku hizi yaache. Dawa hiyo hukomaza mapafu ya mtoto, lakini pia hulifanya ini litoe sukari zaidi na insulini, kichocheo cha mwili kinachoshusha sukari, ishindwe kufanya kazi yake vizuri. Sukari huanza kupanda baada ya saa 12 hivi na yaweza kukaa juu hadi siku 5, kisha hushuka. Usijutie sindano, zitamsaidia sana mtoto kupumua akizaliwa mapema.

Ila 8.9 usiiache hivyo. Kabla ya kula hutakiwa iwe chini ya 5.3, na saa moja baada ya kula chini ya 7.8. Piga simu kliniki leo hii. Huenda ukahitaji insulini kwa siku chache. Wakikupa, waulize lini itapunguzwa, maana dozi ya leo yaweza kukushusha sukari mno deksamethasoni ikiisha mwilini.

Na usijinyime chakula, tafadhali. Mbaazi, samaki, mchicha, wali kidogo. Juisi ya miwa na chai ya sukari weka kando. Pima asubuhi na baada ya kila mlo, uandike. Ukitapika, ukishikwa na kiu isiyokatika, au mtoto akipunguza kucheza, nenda hospitali hata iwe usiku wa manane.