Mkono wa kwanza uende kwenye koki

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza: mabomba ya maji yakiharibika nyumbani, utajuaje kwamba hii ni dharura isiyoweza kungoja asubuhi, na ufanye nini kabla fundi hajafika? Jibu langu nililipata saa nane za usiku, nikiwa nimesimama kwenye maji yaliyofika vifundoni.

Kilichoniamsha ni mvumo, kama wa mvua inayonyesha mahali pamoja tu. Mpira wa kuunganishia maji chini ya sinki la bafuni, ule uliosukwa nyuzi za chuma kwa nje, ulikuwa umechanika karibu na nati na maji yalikuwa yakipiga ukuta. Nikakimbilia ndoo. Binti yangu akakimbilia matambara. Tukachota, tukakamua, tukamwaga, tukarudia, na maji yakazidi kupanda. Dakika kumi hivi zilipita ndipo nikakumbuka koki iliyo kwenye mita. Nikatoka na tochi, nikaifunga hadi mwisho, nikarudi ndani nikijua tumeshamaliza. Maji yalikuwa yakitoka vilevile, kwa nguvu ileile.

Fundi niliyempigia simu aliniuliza jambo moja tu: "Mama, mna tangi juu?"

Nikamwambia tunalo.

"Basi hiyo koki ya mita inazuia maji yanayokuja. Hayo yanayomwagika yalishafika, yako juu yenu. Tafuta koki kwenye bomba linaloshuka kutoka tangini, uifunge hiyo."

Nilikuwa nimeishi katika nyumba ile miaka sita na sikujua ilipo. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima ya maji, na sehemu kubwa ya tani hiyo ilipita vyumbani mwetu. Magodoro mawili yaliloa. Vyeti vya watoto nilikuwa nimeviweka droo ya chini kabisa, navyo vikaloa. Nimesimulia haya kwa sababu nataka yeyote anayesoma aweke gazeti pembeni hata kwa dakika tano, aende akaitafute koki yake sasa hivi, mchana, maji yakiwa yametulia.

Ukishaipata, itazame ni ya aina gani. Ikiwa ina mkono mmoja kama wa kisu, ni nyepesi: mkono ukilala sambamba na bomba maji yanapita, ukikatiza bomba yamefungwa, na mwendo wote ni robo mzunguko. Ikiwa ina usukani mdogo wa duara, ile ambayo mafundi huiita geti valvu, itakubidi uzungushe mara kadhaa kuelekea kulia. Hii ya pili ndiyo inayosaliti watu. Ikikaa miaka bila kuguswa hushika kutu, na siku ya haja haigeuki, au usukani unabaki mkononi. Igeuzeni mara mbili kwa mwaka, ifungwe na kufunguliwa, na ukimaliza kuifungua irudishe nyuma kidogo ili isibane mwisho kabisa. Ikiwa tayari imekwama, usiilazimishe kwa spana ndefu. Mwite fundi aibadilishe wakati hakuna haraka.

Kisha mwonyeshe kila mtu anayelala humo ndani. Kuonyesha peke yake hakutoshi, mpe mkono wake aigeuze. Mtoto wa miaka kumi anaweza kufunga koki ya mkono mmoja, na pengine ndiye atakayekuwa nyumbani siku hiyo. Sisi tumefunga kitambaa chekundu kwenye koki ya tangi na kingine kwenye ya mita, na mama mkwe wangu, ambaye macho yake yamepungua, anazijua zote mbili kwa kupapasa.

Sasa nije kwenye swali lenu la kutambua. Nadhani watu wengi hupima dharura kwa wingi wa maji, na hapo ndipo tunapokosea. Kinachoamua ni kama unaweza kuyazuia, yamegusa nini, na ni maji gani. Bomba la jikoni linalodondosha tone moja kila sekunde linapoteza zaidi ya lita 11,000 kwa mwaka. Ni hasara inayouma, lakini si dharura. Weka beseni, lala, fundi aje asubuhi. Hata mpasuko mkubwa ukishafunga koki na ukafungika, umekuwa kazi ya kawaida ya kesho. Lakini utiririko mwembamba unaoshuka kando ya taa ya darini, huo ni wa kuamka na kuamsha wengine.

Umeme ndio unaotangulia kila kitu, hata koki. Kabla hujaweka mguu kwenye maji, tazama kama kuna soketi, waya wa ekstensheni au jokofu ndani ya maji hayo. Kama vipo, usiingie. Zima swichi kuu, lakini iwe tu kama unaweza kuifikia ukiwa umesimama pakavu na mikono mikavu. Kama njia ya kuifikia imejaa maji, toka nje na watu wote na uwapigie simu watu wa umeme. Usiku ule mimi niliingia majini bila kutazama, na waya wa kuchajia simu ulikuwa umelala sakafuni hatua mbili tu kutoka mlango wa bafu. Hilo ndilo linalonirudia hadi leo kuliko magodoro.

Baada ya umeme ni koki. Ikiwa unajua maji yanatoka kwenye kifaa kimoja, anza na koki yake ndogo: choo cha kuvuta huwa nayo ukutani nyuma yake, na sinki huwa nazo chini. Ukiifunga hiyo, nyumba nzima inabaki na maji. Kama haipo au haifungi, nenda kwenye koki kuu, na kama una tangi, zote mbili. Halafu fungua bomba la chini kabisa ndani ya nyumba ili maji yaliyobaki kwenye mabomba yatokee huko badala ya kutokea kwenye ufa. Ndoo na matambara vinakuja baada ya hapo. Piga hesabu mwenyewe: bomba likitoa lita 15 kwa dakika, nusu saa ni lita 450, yaani karibu nusu tani. Hakuna mikono miwili inayochota kasi hiyo.

Choo kinachojaa badala ya kushuka kinatisha kwa sababu watu huvuta tena wakidhani kitasukuma. Usivute. Fungua kifuniko cha tangi la choo, bonyeza kile kiziba cha mpira kilicho chini ili maji yasiendelee kushuka, kisha inua boya kwa mkono. Maji yatasimama, nawe utapata nafasi ya kufunga koki yake. Maji ya ndani ya tangi lile ni safi, usiogope kuingiza mkono.

Dari nalo lina lugha yake. Doa la manjano linalopanuka polepole linakupa siku kadhaa. Dari lililovimba na kushuka kama tumbo halikupi hata saa moja, kwa maana kila lita moja ni kilo moja, na likianguka linaanguka lote. Toa watu chumbani. Ukishazima umeme na kufunga maji, na kama uvimbe ni mdogo, weka ndoo chini yake, simama pembeni, usisimame chini yake, utoboe tundu dogo kwa bisibisi ili maji yashuke taratibu. Uvimbe ukiwa mkubwa, funga mlango wa chumba na uache wenye uzoefu waje.

Kuna maji ambayo siyo ya kuchota kabisa, nayo ni maji taka. Dalili yake ya mapema ni ndogo, ndiyo maana naitilia mkazo. Ukivuta choo, tundu la sakafu ya bafu linabwabwaja. Ukimwaga maji ya kufulia, choo kinapanda. Sinki moja likiziba, kosa liko kwenye sinki hilo. Vifaa viwili au vitatu vikilalamika pamoja, kosa liko kwenye bomba kuu linalotoka nje, au kwenye chemba, au shimo limejaa. Hapo kila tone unaloliruhusu kushuka litarudi kupitia tundu lililo chini kuliko yote, ambalo mara nyingi ni la bafu. Simamisha kila kitu: kuoga, kuosha vyombo, mashine ya kufulia, choo. Waondoe watoto. Vaa glavu na viatu vya mpira, na kama kuna chemba nje, fundi ataanza nayo. Godoro au zulia lililokunywa maji hayo litupwe. Najua inauma, lakini halisafishiki.

Na hapa nawasihi sana kuhusu dawa. Mtu akiona tundu limeziba humwaga dawa kali ya kuzibulia, ikikataa anaongeza nyingine ya aina tofauti. Dawa yenye klorini ikikutana na dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi ya klorini, na katika bafu dogo lililofungwa gesi hiyo inaweza kuua. Ikikutana na amonia hutoa sumu nyingine. Kama ulishamwaga dawa yoyote, mwambie fundi kabla hajainamia tundu hilo, kwa sababu atakapochokonoa yanayoruka yatamfika usoni. Kikombe cha mpira chenye mpini na uvumilivu vinazibua mengi ambayo dawa haiyawezi.

Hita ya maji nayo ina vali ya usalama, kakifaa kadogo ka shaba kenye mrija unaoelekea chini. Kudondosha matone machache wakati maji yanapata moto ni kawaida kwa baadhi ya hita. Kumwaga maji ya moto mfululizo au kutoa mvuke ni jambo jingine kabisa: joto au shinikizo vimepita kiasi, na vali hiyo ndiyo inayowaokoa wakati huo. Nimewahi kuona moja imezibwa kwa kizibo ili isilowanishe sakafu. Tafadhali, usiizibe kamwe. Maji yakigeuka mvuke hutaka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile yaliyokuwa nayo, na chombo kilichofungwa hakina pa kuitoa nafasi hiyo isipokuwa kwa kupasuka. Zima umeme au gesi ya hita, kaa mbali, ita fundi. Na hata hita ikiwa nzima, wakati wowote unapokata maji ya nyumba, izime, kwani ikibaki tupu huku inawaka huungua.

Wakati unamsubiri fundi, kama ufa uko kwenye bomba lililo wazi na maji yameshafungwa, kausha, kata kipande cha mpira wa ndani wa tairi, kizungushie kikivutwa kwa nguvu, kisha kaza kwa waya au kwa bangili za bomba. Itakupa maji kidogo hadi asubuhi, usiitegemee zaidi ya hapo. Piga picha za kila kilichoharibika kabla ya kukipanga, hasa kama umepanga nyumba na unahitaji kuelewana na mwenye nyumba. Halafu fungua madirisha na inua kila kilicholowa, kwa maana kuvu huanza kushika ndani ya siku moja au mbili.

Yapo pia yanayovuja kimya, na haya ukiyakamata mapema hutaamka usiku. Funga mabomba yote, soma mita, rudi baada ya saa mbili bila mtu kutumia maji; namba zikiwa zimesogea, kuna panapovuja. Kwenye nyumba yenye tangi, subiri kwanza lijae na boya lifunge. Na kwa upande wa chini ya tangi, funga koki ya kuliingizia, weka alama kwenye kimo cha maji usiku na uitazame alfajiri. Choo kipime kwa kutia rangi ya chakula kwenye tangi lake: baada ya nusu saa bila kuvuta, rangi ikionekana bakulini, kiziba kimechoka. Na ile mipira ya chini ya sinki, pitisha kidole juu yake mara kwa mara. Ukiona nyuzi zimekatika, kutu kwenye nati au uvimbe, ibadilishe. Wangu ulikuwa na kutu kwa miezi. Niliiona kila niliposafisha pale.

Fundi akishamaliza, usifungue maji yote kwa mkupuo. Fungua koki taratibu huku bomba moja la ndani likiwa wazi, hewa itoke, na mtu mwingine aweke kiganja kwenye kiungo kipya akisikilizia unyevu. Acha mabomba yakohoe na kutema hadi yatulie. Kisha fungua la maji ya moto na lisubiri litiririke mfululizo bila kukatika. Hapo ndipo uwashe hita.