Chumvi imenata: je, mama alidanganya?

SWALI: Mwalimu, salamu kutoka Njoro. Nina kisiagi, na mahindi yasiyokauka huniziba chekeche. Kwa hivyo kila gunia nalipima: punje kidogo na chumvi ndani ya chupa, natikisa, chumvi ikinata kwenye chupa namrudisha mtu akaanike. Jumanne mama jirani aliapa ameanika siku tatu. Chumvi ikanata. Nikamwita mwongo mbele ya foleni nzima. Jioni kijana wangu akaniambia ile chupa alikuwa ameisuuza asubuhi. Nilikosea wapi?

JIBU: Ndugu yangu, kosa lako lina wenzake wengi. Mwaka 1966 mwanasaikolojia Mwingereza Peter Wason alitunga fumbo lililoniangusha hata mimi, na chaki yangu ya miaka ishirini. Kadi nne ziko mezani: E, K, 4, 7. Kila moja ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Unaambiwa: kadi ikiwa na irabu, nyuma ina namba shufwa. Utageuza zipi kuhakikisha? Wengi hugeuza E na 4. Jibu ni E na 7. Ile 4 hata ikiwa na K nyuma haijavunja kanuni. 7 ikiwa na irabu, imeivunja.

Wewe uligeuza 4. Kanuni yako inasema mahindi mabichi hunatisha chumvi. Haikusema hakuna kingine kinachoinatisha.

Mwanasaikolojia Mskoti Kenneth Craik aliandika mwaka 1943 kwamba akili hubeba mfano mdogo wa dunia na kujaribia mambo humo. Philip Johnson-Laird, mwanafunzi wa Wason, akaonyesha kwamba tukisikia maneno, huwa tunachora ile hali yanamokuwa kweli na kuziacha nyingine bila kuchorwa. Picha yako ilikuwa moja: mahindi mabichi, chumvi imenata. Mahindi makavu ndani ya chupa mbichi hayakuwa na picha.

Mahali tunapopajua hatukosei hivyo. Askari akiingia baa pale Nakuru kutafuta watoto wanaokunywa pombe, atamkagua mwenye bia umri wake, na kijana wa miaka 16 glasi yake. Mzee wa miaka hamsini hakuna atakayeinusa glasi yake. Ni fumbo lilelile.

Na hizo “siku tatu”? Wewe ulisikia siku tatu za Novemba, mawingu na manyunyu. Huenda mwenzako alikuwa na turubai juu ya bati na jua la saa sita. Hukumuuliza.

Lakini usikimbilie upande wa pili. Chupa iliyolowa haikuthibitisha kwamba mahindi yake ni makavu. Hadi leo hujui. Deni lako ni la matusi, na uliyatoa mbele ya foleni, basi msamaha nao uombe mbele ya foleni. Kisha pima tena, chupa kavu na chumvi kavu, isiwe ile ya kopo lililoachwa wazi usiku wa mvua. Chupa aishike yeye.