Usitume amana ya pampu ya joto kabla hujajua wastani wako wa uniti

Ndugu, ngoja kwanza, usitume hiyo amana! Unasema uko Kasarani, Nairobi, mnatumia uniti kama 80 za stima kwa mwezi, maji ya kuoga mnachemsha kwa gesi, na muuzaji anataka ununue pampu ya joto ya lita 200, yaani mashine ya stima inayopasha maji kwa joto la hewani, uiwashe usiku "wakati stima ni rahisi". Maneno hayohayo niliuziwa mimi, na hasira haijaniisha.

Bei nafuu ya stima ya kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ilipoanza hapa Kenya Desemba 2017, iliwekewa viwanda na biashara. Mita yako ya tokeni haijui kama ni usiku au mchana. Wauzaji hawa wanabeba maneno ya Uingereza, ambako kuna nyumba zenye mita za bei ya usiku, wanakuja kuyamwaga Thika Road bila hata kukuuliza unanunua tokeni za pesa ngapi.

Kwetu nyumbani, bei ya uniti inafuata wastani wa matumizi yako ya miezi mitatu. Shika hilo hata ukisahau mengine yote. Katika viwango vya Aprili 2023, wa hadi uniti 30 alilipa shilingi 12.22 kwa uniti, wa hadi 100 akalipa 16.30, na aliyevuka 100 akalipa 20.97, kabla ya gharama ya mafuta, tozo ya umeme vijijini na VAT. Viwango hubadilishwa, sawa, ila ukivuka 100 bei ya juu inakamata uniti zote tangu ya kwanza, hata zile za friji na taa ulizokuwa ukipata kwa bei ya kati.

Sasa piga hesabu kwa viwango hivyo vya 2023. Kupasha maji lita 200 kutoka nyuzi 18 hadi 55 kila siku kunahitaji joto la uniti 8.6 hivi. Pampu nzuri inalichota hewani kwa kutumia kama uniti 3 za stima. Kwa mwezi ni 90, na zako 80, jumla 170. Muuzaji atakuambia 90 mara 16.30, shilingi 1,467, rahisi kuliko gesi. Lakini 170 mara 20.97 ni 3,565, na wewe ulikuwa unalipa 1,304. Nyongeza halisi ni 2,261, na kodi bado. Hakuna aliyenionyesha hesabu hiyo. Nilikuja kuiona kwenye SMS za tokeni, shilingi elfu moja ileile ikileta uniti chache kila nikinunua.

Na huko kuiwasha usiku ndiko kulikotumaliza. Pampu inatafuta joto hewani, na Julai usiku hapa Nairobi hewa ni baridi, kwa hiyo inahangaika. Fundi wao alikuwa ameacha elementi ya akiba, ile hita ya stima iliyo ndani ya tangi, ijiwashe yenyewe, na elementi haichoti chochote, inakula zile uniti 8.6 zote. Tulikuwa tumenunua pampu na tunaoga kwa hita! Siku hizi inafanya kazi saa sita hadi saa tisa mchana, elementi imezimwa, na maji yanakaa moto hadi jioni.

Na kama una wapangaji nyuma ya nyumba, mita yao ndogo isikudanganye pia. Inagawa deni kati yenu tu. Kenya Power, kampuni ya stima, inasoma mita kuu, na uniti zao zinakusukuma juu pamoja na zako.

Weka hapa jumla ya uniti ulizonunua kila mwezi kwa miezi mitatu iliyopita, wapangaji wakiwemo kama unao, tuzipigie hesabu. Muuzaji akikuharakisha na ofa ya mwisho wa wiki, mwambie asubiri.