Titi limefanyiwa upasuaji wa saratani, dawa za nini tena?

*Nina miaka 58. Nimeandikiwa tamoksifeni, kidonge cha kuzuia saratani ya titi isirudi, kwa miaka 5. Jirani anasema inaleta saratani ya kizazi. Niache?*

Jirani yako kasema kweli nusu, mama. Kwa mwanamke aliyekoma hedhi, tamoksifeni huongeza kidogo uwezekano wa saratani ya mji wa mimba. Wanaoipata ni wachache, na mara nyingi hujitangaza mapema kwa kutoka damu. Kwa hiyo ukiona hata tone, usingoje kliniki ijayo. Hali kadhalika mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla: huenda ni damu iliyoganda, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Nusu aliyoiacha ni hii: kwa saratani inayolishwa na estrojeni (homoni ya kike), miaka 5 ya kidonge hicho hupunguza vifo kwa karibu theluthi moja. Ukiona hofu haikuachi, muulize daktari kuhusu anastrozoli, kidonge kingine cha kazi hiyo. Hiyo haina shida ya kizazi, ila hudhoofisha mifupa na viungo huuma, hasa asubuhi. Usiache kimyakimya tu. Wengi hufanya hivyo, na wakiulizwa kliniki wanajibu “natumia vizuri”.

*Baada ya dripu ya kwanza ya dawa za saratani (kemo) nimekojoa mkojo mwekundu. Ni damu?*

Ni rangi ya doksorubisini, dawa nyekundu ya kwenye dripu, itaisha baada ya siku moja au mbili. Mimi naogopa zaidi homa. Wiki ya pili baada ya dripu chembe nyeupe za damu huwa zimeshuka sana. Joto likifika 38 kimbia hospitali, hata kama ni usiku wa manane. Usimeze panadol ukalala, itaficha homa huku maambukizi yakiendelea. Kipimajoto kiwe nyumbani kabla ya dripu.

*Nina miaka 34, natumia tamoksifeni, hedhi imekata. Naweza kushika mimba?*

Unaweza, dada, na dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Tumia kondomu au kitanzi cha shaba. Vidonge, sindano na vijiti vya homoni hapana. Kama unatamani mtoto, sema mapema. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 uliwafuatilia wanawake waliosimamisha dawa ili wazae, baada ya kuitumia miezi 18 hadi 30. Kwa muda mfupi waliofuatiliwa, ugonjwa haukurudi zaidi kuliko kawaida. Wakishajifungua, wanatakiwa kuirudia.

*Trastuzumabu, dawa ya baadhi ya saratani za titi, inaua moyo?*

Inaweza kuudhoofisha. Ndiyo maana moyo hupimwa kwa eko (kipimo cha picha ya moyo) kabla ya kuanza, kisha kila baada ya miezi 3 hivi. Ikisimamishwa, mara nyingi moyo hupata nafuu.

*Naweza kuchanganya tamoksifeni na dawa nyingine?*

Inategemea ipi. Rifampisini ya kifua kikuu, na paroksetini ya sonona, huharibu kazi ya tamoksifeni. Weka zote kwenye mfuko mmoja, na za mitishamba pia, umwonyeshe mfamasia.