Dubai: ubadilishe dirham hukuhuku Dar au ubebe dola?

Mkuu unayeuliza kuhusu safari ya Dubai mwezi ujao kufata mzigo, mi nimeenda mara nne na mara ya kwanza nilipigwa, kwa hiyo nisikilize.

Usinunue dirham (hela ya Dubai) ukiwa Dar. Dirham imefungwa kwenye dola toka 1997, dola moja ni 3.6725, haipandi haishuki, kwa hiyo we ukifika na dola Deira, mtaa wa biashara huko Dubai, unabadili kwa 3.65 na kitu na hasara yake ni ndogo mno. Hasara yote inakukuta huku unapoitoa shilingi. Ukitaka kujua unachinjwa kiasi gani, chukua bei wanayokuuzia dirham zidisha kwa 3.67. Mfano tu, wakikwambia dirham moja ni shilingi 740 hiyo ni sawa na kununua dola kwa 2,716, sasa kama dola duka hilohilo wanauza 2,600 maana yake kila dola umeacha shilingi 116, kwa mzigo wa dola 3,000 ni karibu laki tatu na nusu, yaani nauli ya kilo kibao za kagoo imeenda hivihivi.

Mi kosa langu lilikuwa noti. Nilinunua dola kwenye duka moja la fedha mjini, nikahesabu fasta nikatia kwenye bahasha, kumbe katikati wamenichanganyia za zamani zile zenye picha ya kichwa kidogo, na mbili zina mihuri ya wino. Nafika Deira jamaa anazirudisha moja moja kama anachambua mchele. Dola mia tatu ilikataliwa, nikarudi nayo Bongo nikaiuza kwa bei ya kutupa. Sasa hivi hata foleni iwe ndefu vipi nyuma yangu nakagua noti moja moja palepale dirishani, nataka mia mia za bluu zilizoanza 2013, hazijachanika wala kuandikwa peni, na risiti naidai. Tena mia mia kweli, maana zile za 10 na 20 siku ukirudi na chenji huku wananunua kwa bei ya chini. Na achana na wale wa "njoo nikupe bei nzuri" barabarani, sitaki hata kuwaongelea.

Airport badilisha kidogo tu ya teksi au metro. Mi nilibadili dola 200 palepale nilipotua, wakanipa 3.45, kesho yake Deira naona 3.65, dirham 40 hizo, ni msosi wa siku nzima kwenye vigahawa vya Wapakistani.

Kadi ya benki beba ya Visa au Mastercard kama akiba, ila waambie benki kabla hujasafiri isije ikafungwa. Mashine ikikuuliza ukatwe kwa dirham au kwa shilingi, bonyeza dirham, ukichagua shilingi wanakupangia bei yao wenyewe na hiyo bei haina huruma.

Kama unabeba zaidi ya dola 10,000 taslimu, tangaza forodha unapotoka, usijifiche.

Zikibaki dirham za noti rudisha dola ukiwa hukohuko. Sarafu hakuna anayezinunua huku, mi zangu naingizaga kwenye kadi ya nol ya metro, safari nyingine naikuta ina hela.